Kukarabati, Kuvisha Chuma au Kubomoa: Baba na Mwana wa Kings Island

Katika bustani ya burudani ya Kings Island, mjini Mason, Ohio, rolakosta mbili za mbao ziliishi pamoja kwa miaka kumi na miwili. Ya kwanza, The Beast, yaani Mnyama, ilifunguliwa 1979. Ya pili, Son of Beast, Mwana wa Mnyama, ilifunguliwa 2000. Mvua iliyomnyeshea baba ndiyo iliyomnyeshea mwana, na theluji ya Ohio iliwalalia wote wawili kila msimu wa baridi. Mwana alibomolewa 2012, tena miaka mitatu ya mwisho alisimama tu bila kubeba abiria. Baba angali anakimbia hadi leo.

Kwa asiyewahi kuiona, rolakosta ni treni ya burudani isiyo na injini. Mnyororo huivuta hadi kileleni, ikaachiwa, na kutoka hapo ni uzito wake mwenyewe unaoipeleka kwenye mabonde na kona mpaka irudi kituoni. Ile ya mbao ina kiunzi cha nguzo na mihimili ya mbao, na njia yenyewe hutengenezwa kwa matabaka ya mbao, mara nyingi saba au manane, juu yake ukapigiliwa ukanda mwembamba wa chuma ambao magurudumu hukanyaga. Kwa hiyo hata reli yake ni mbao. Hapo ndipo raha yake inapotoka, kwa maana mbao inanesa na treni inaonekana kama ina roho, na ndipo taabu yake inapotoka vilevile.

Kila rolakosta ya mbao inapofungwa kwa sababu ya hitilafu, mabishano huwa yale yale. Wapo wanaotaka itengenezwe kwa mbao kama ilivyokuwa, wapo wanaotaka ivishwe reli ya chuma, na wapo wanaosema ishushwe, watu wasije wakaumia. Nimeweka hapa rolakosta zilizopita kila njia, ili anayetakiwa kuamua, au anayetaka kujua kwa nini wengine waliamua vile, aone kilichofuata.

Kwanza gonga mkuku

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Lamu. Akiletewa chombo kinachovuja, hakuanza na ubao unaovuja. Aliinama chini, akagonga mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, kwa nyundo, akasikiliza. Mkuku ukiwa mzima, kila kingine kilibadilishika: mbao za ubavuni, mataruma, misumari, mlingoti. Mkuku ukiwa umepinda, alinyoosha mgongo na kusema, "Nahodha, hapa sina dawa." Na Kiswahili chetu kinatumia neno hilo hilo, taruma, kwa ubavu wa jahazi na kwa gogo linalobeba reli, kana kwamba wahenga walijua kuwa hesabu ya vyombo hivi viwili ni moja.

Katika rolakosta ya mbao, vitu vitatu vinaweza kuugua. Njia inaweza kuchakaa: matabaka ya juu yanabonyea, tundu za bolti zinapanuka, treni inaanza kutikisa meno ya abiria. Kiunzi kinaweza kudhoofika kwa kuoza, kupasuka au kuyumba. Na mchoro unaweza kuwa na kosa tangu siku ya kwanza, kwa kimo, ukali wa kona au uzito wa treni kupita kiasi ambacho mbao inaweza kustahimili mwaka baada ya mwaka. Njia ni kama ubao wa ubavuni, kiunzi ni kama mataruma, na mchoro ndio mkuku.

Njia iliyochakaa si msiba. Bustani zenye rolakosta za mbao hufumua vipande vya njia na kuvijenga upya kila msimu wa baridi, na hiyo ni sehemu ya maisha ya chombo. Kiunzi kilichodhoofika ni gharama kubwa, lakini kinatengenezeka. Mchoro ukiwa mbovu, hata ukibadilisha kila ubao, ubao mpya utapigwa pale pale ulipopigwa wa zamani, na utapasuka pale pale.

Baba na mwana wakisimama bega kwa bega

| | The Beast | Son of Beast |
|---|---|---|
| Kufunguliwa | 1979 | 2000 |
| Urefu wa njia | mita 2,244 | mita 2,143 |
| Kimo | mita 34 | mita 66 |
| Mteremko mrefu zaidi | mita 43 | mita 65 |
| Mwendo wa juu | takriban km 104 kwa saa | takriban km 125 kwa saa |
| Kitanzi | hakuna | kimoja, kikaondolewa baadaye |
| Mwisho wake | njia ilijengwa upya kwa sehemu 2022 | ilibomolewa 2012 |

Tazama mstari wa kimo. Baba ndiye mwenye njia ndefu kuliko rolakosta zote za mbao duniani, lakini kimo chake ni nusu tu ya cha mwanawe. Waliomjenga walitumia vilima na mabonde ya msituni, treni ikawa inafuata ardhi na kuingia kwenye mahandaki. Ndiyo maana mteremko wake unazidi kimo chake. Sehemu kubwa ya njia yake iko karibu na udongo, na nguzo fupi haziyumbi sana.

Mwana alijengwa ili avunje rekodi. Alikuwa rolakosta ya kwanza ya mbao kupita futi 200, na ya kwanza ya zama hizi kuwa na kitanzi ambamo abiria anageuzwa kichwa chini miguu juu. Kitanzi chenyewe kilikuwa cha chuma, lakini treni ya kukipita ilibidi iwe nzito. Sasa weka pamoja treni nzito, kimo cha mita 66 na mwendo wa km 125 kwa saa. Nguvu inayosukuma kiunzi kwenye kona hupanda kwa mraba wa mwendo. Mwana alimzidi baba mwendo kwa takriban asilimia 20, na kwa kona ya ukali ule ule nguvu hiyo inazidi kwa asilimia 40 na ushei, kabla hata hujahesabu uzito wa treni. Yote hayo yanabebwa na misonobari iliyofungwa kwa bolti, mirefu kama jengo la ghorofa ishirini.

Tarehe 9 Julai 2006, mbao za kiunzi zilipasuka na njia ikabonyea. Treni ilipopita pale ilidunda kama gari lililoingia shimoni kwa kasi, na watu 27 wakaumia. Ukaguzi wa mitambo ya burudani Ohio uko chini ya Idara ya Kilimo ya jimbo, jambo linalowashangaza wengi, nayo ilihusika kuchunguza.

Wenye bustani hawakukimbilia kubomoa, na hilo nawasifu kwalo. Waliimarisha kiunzi. Wakakiondoa kitanzi, ili zile treni nzito nazo ziondoke. Wakaleta treni nyepesi zilizokuwa zikitumika kwenye rolakosta nyingine ya mbao, Hurricane: Category 5 ya Myrtle Beach, South Carolina. Tarehe 4 Julai 2007 Son of Beast ilifunguliwa tena, ikiwa imepoteza kile kitu kilichoipa umaarufu. Miaka miwili baadaye, 2009, abiria mmoja alisema aliumia mshipa wa damu kichwani baada ya kuipanda. Bustani ikaifunga mwezi Juni, na haikuwahi kufunguliwa tena. Julai 2012 ikatangazwa kuwa itabomolewa.

Ukiisoma historia hiyo polepole unaona walichojaribu. Kiunzi kilitiwa nguvu, treni ikabadilishwa, lakini kimo na kona vilibaki. Mkuku haukuguswa, kwa sababu kuugusa kungekuwa kujenga rolakosta nyingine.

Kuvisha chuma

Mwaka mmoja kabla ya hukumu ya Son of Beast, jambo jipya lilikuwa limefanyika Arlington, Texas. Texas Giant ilifunguliwa 1990 na kwa miaka kadhaa wapenzi wa rolakosta waliihesabu miongoni mwa bora kabisa za mbao. Kisha joto la Texas na uzito wa treni vikaichosha, safari ikawa ya kuumiza mgongo. Novemba 2009 ikafungwa. Kampuni ya Rocky Mountain Construction ya Idaho iliing'oa njia ya mbao na kuweka reli ya chuma juu ya kiunzi cha mbao. Aprili 2011 ikarudi kwa jina New Texas Giant, ikiwa na mteremko wa kwanza wa nyuzi 79 na kona ambayo treni inalala ubavu kupita nyuzi 90. Kazi nzima iligharimu takriban dola milioni 10.

Faida za njia hii ndizo zilizowavuta wengine. Reli ya chuma haibonyei kama mbao. Inapindwa kiwandani kwa vipimo halisi, kwa hiyo treni inapita bila kudunda, na kiunzi kinapumzika. Zaidi ya hapo, mhandisi anapata nafasi ya kuuchora upya umbo la njia. Kwa maneno ya babu, hii ndiyo njia pekee ya ukarabati inayougusa mkuku.

Mfano ulio karibu zaidi na Son of Beast ni The Rattler ya San Antonio, Texas, iliyofunguliwa 1992 na kujengwa na kampuni ile ile iliyokuja kumjenga mwana wa Ohio. Nayo ilianza kwa tamaa ya kimo, ikiwa na mteremko wa mita 50. Mwaka 1994 wakaukata ukawa wa mita 38 hivi, kupunguza makali. Bado haikutulia. Agosti 2012, wakati mwana wa Ohio anangoja kuangushwa, Rattler ilifungwa ili ivishwe chuma, na 2013 ikarudi kwa jina Iron Rattler. Tangu hapo watu huipanda kwa hamu. Ndugu wawili wa fundi mmoja, mwaka mmoja, mmoja akaenda kwenye shoka na mwingine kwa mhunzi.

Lakini chuma kina madai yake. Safari inapokuwa laini, wenye bustani huongeza ukali: miteremko iliyosimama na vilele vinavyomnyanyua abiria kutoka kitini. Hapo kizuizi cha kumshika abiria ndicho kinachobeba maisha yake. Julai 2013 mwanamke mmoja alianguka kutoka New Texas Giant na kufariki. Ilifungwa, ikarudi Septemba ikiwa na vizuizi vilivyobadilishwa na mikanda ya usalama. Kwa hiyo anayechagua njia hii asihesabu gharama ya reli peke yake. Treni, viti na mwili wa kila aina ya abiria viingie kwenye mchoro tangu mwanzo.

Pia asitarajie haraka. Gwazi ya Tampa, Florida, ilifungwa Februari 2015 na ikarudi kama Iron Gwazi Machi 2022. Miaka saba.

Kukarabati kwa mbao

Wengi huiona hii kuwa njia ya woga. Mimi naiona kuwa njia ya kwanza ya kuijaribu pale ambapo mchoro ni mzima, na shahidi wangu ni baba. Kabla ya msimu wa 2022, kampuni ya The Gravity Group ya Cincinnati, jiji lililo jirani na Mason, ilijenga upya zaidi ya mita 600 za njia ya The Beast, na mteremko wa kwanza ukafanywa mkali zaidi, kutoka nyuzi 45 hadi 53. Rolakosta ya miaka 43 ikaongezewa makali kwa mbao, bila kipande cha reli ya chuma. Hilo liliwezekana kwa sababu umbo lake la msingi halijawahi kuwa adui wa mbao zake.

El Toro ya Jackson, New Jersey, inafundisha jambo jingine. Ilifunguliwa 2006, ina kimo cha mita 55, na njia yake ni ya mbao zilizokatwa kiwandani kwa vipimo vya karibu sana. Juni 2021 gurudumu moja lilitoka mahali pake. Agosti 2022 treni ilidunda vibaya na watu 14 wakaumia. Anayekumbuka Ohio ya 2006 atasema ni hadithi ile ile. Serikali ya jimbo ikaizuia mpaka itengenezwe, na Juni 2023 ikafunguliwa.

Je, El Toro nayo ingebomolewa? Nasema hapana, na tofauti na Son of Beast naiona kwenye muda. El Toro ilikimbia miaka kumi na tano kabla ya kuanza kufungwa kwa hitilafu kubwa za aina hii, na kwa miaka yote hiyo ilisifiwa kwa ulaini. Chombo kilichosafiri salama miaka kumi na tano kinaonyesha kwamba mkuku wake ulikuwa sawa na kwamba kilichochoka ni mbao. Son of Beast ilianza kulalamikiwa ikiwa changa. Mtoto anayeugua tangu kuzaliwa hachunguzwi kwa maswali yale yale anayoulizwa mzee aliyeanza kukohoa.

Kuhamisha, na kuhifadhi kwa heshima

Kuna njia ya nne ambayo watu huisahau. Kule San Antonio, rolakosta iliyoitwa Rocket, iliyojengwa 1947, ilibaki imesimama bure baada ya bustani yake kufungwa 1980. Bustani ya Knoebels ya Pennsylvania ikaichukua: vipande vikatiwa namba, vikapakiwa, vikasafirishwa nusu ya bara, na 1985 ikafunguliwa kwa jina Phoenix. Leo inatajwa katika kura za wapenzi miongoni mwa bora za mbao Marekani. The Comet ya Crystal Beach, Ontario, nayo ilivuka mpaka na kufunguliwa New York 1994. Njia hii inafaa pale ambapo ugonjwa hauko kwenye chombo kabisa, uko kwenye bustani iliyofilisika au ardhi iliyouzwa. Kumhamisha mgonjwa wa mchoro ni kumpelekea jirani maradhi.

Na ziko chache ambazo thamani yake haipimwi kwa tiketi. Leap-The-Dips ya Altoona, Pennsylvania, ilijengwa 1902 na ndiyo kongwe kuliko zote zilizosimama. Ina kimo cha mita 12 au 13 tu. Ilifungwa 1985, ikakaa ikioza, watu wakachangishana, ikarudi 1999. The Cyclone ya Coney Island, New York, ya 1927, ilinusurika kubomolewa miaka ya 1970 kwa sababu wakazi walisimama kuitetea. Kwa hizi, kuvisha chuma kungekuwa kuua kile kinachohifadhiwa. Hapa mbao kwa mbao, hata ikigharimu.

Ningechagua nini

Nikipewa rolakosta yenye matatizo leo, ningeomba daftari la matengenezo la miaka kumi kabla ya kuangalia bei yoyote. Kama sehemu zinazobadilishwa zinahama, mwaka huu hapa, mwaka ujao kule, ni uchakavu wa kawaida, na ningekarabati kwa mbao. Kama kona ile ile inarudi kila mwaka, mchoro unasema. Hapo ningemwita mhandisi asimame chini ya kona hiyo treni ikiwa na mzigo kamili inapita, apime kiunzi kinayumba kiasi gani. Kiunzi kikiwa imara na tatizo likiwa umbo la njia, ningevisha chuma, na ningetenga fedha za treni mpya kabla ya za rangi. Kiunzi nacho kikiwa kimeshindwa, ningelinganisha gharama ya kujenga kiunzi kipya na gharama ya kujenga rolakosta mpya kabisa. Kings Island ilipobomoa, ilijenga Banshee, rolakosta ya chuma iliyofunguliwa 2014 kwa dola milioni 24. Ni zaidi ya mara mbili ya ilichogharimu New Texas Giant, lakini ilianza bila deni la makosa ya mtu mwingine.

Kuhusu mwana mwenyewe, nimebadilisha mawazo yangu zaidi ya mara moja. Kulikuwa na wakati niliamini waliharakisha. Mean Streak, ya bustani ya Cedar Point kule Sandusky, ilikuwa ya mbao, ya mmiliki yule yule wa Kings Island, katika jimbo lile lile la Ohio. Ilifungwa 2016 na 2018 ikarudi kama Steel Vengeance, yenye reli ya chuma na kimo cha mita 62, karibu kabisa na cha Son of Beast. Kumbe inawezekana, nikawa najiambia.

Ila hiyo ilikuwa 2018. Julai 2012, kazi kubwa ya aina hiyo iliyokwisha kuthibitishwa ilikuwa moja, New Texas Giant, na kimo chake hakifiki mita 47. Na pale Mason kilichopasuka 2006 hakikuwa njia tu, kilikuwa kiunzi, ambacho ndicho chuma kingewekwa juu yake. Kumwambia mwenye bustani ngoja miaka sita huku mbao zinakaa kwenye mvua, halafu ujenge upya nguzo za mita 66, kungekuwa kumwomba abebe hatari ambayo abiria 27 walikuwa wameshaionja. Kama ningekuwa kwenye kikao kile ningenyoosha mkono wa kubomoa, na ningeomba fedha za matengenezo ya mwana zipelekwe msituni, kwa baba.